Kampeni ya Jasho la Mtoto

Nchi yetu ina bahati ambayo nchi nyingine hazina: ugonjwa ukimpata mtu mmoja pale Ikulu, tunatibiwa wote. Mwaka ule Rais alipong'olewa jino, tulikatazwa kutafuna miwa nchi nzima kwa miezi minne, na wapo wazee mpaka leo wanaosema fizi zao hazijawahi kuwa nzuri kama wakati ule. Kwa hiyo hatukushangaa, siku kumi kabla shule hazijafungwa kwa likizo ndefu, redio ya taifa ilipokatisha muziki wa mchana na kututangazia kwamba watoto wetu wamenenepa kupita kiasi.

Chanzo kilikuwa Jemadari. Huyu alikuwa mjukuu wa Rais, mtoto mpole wa miaka tisa, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupanda ngazi kwa miguu yake kwa kuwa kulikuwa na afisa wa kumbeba. Daktari mmoja mgeni alimpandisha kwenye mizani akasoma kilo sitini na moja. Kwa sababu hakujua taratibu zetu, daktari alisema waziwazi kwamba mtoto huyu hachezi, na kwamba akiimaliza likizo nyingine mbele ya televisheni, moyo wake utapata taabu. Kesho yake Rais aliwaambia mawaziri kwamba kama mjukuu wake, anayetunzwa kwa uangalifu wote ule, amefika hapo, basi watoto wasio na wa kuwatunza lazima wawe na hali mbaya zaidi. Mawaziri hawakuona kasoro katika hoja hiyo. Mmoja wao, tuliambiwa, alilia.

Ndivyo ilivyozaliwa Kampeni ya Taifa ya Jasho la Mtoto. Shabaha yake ilikuwa kila mtoto wa nchi hii atoke jasho kwa saa moja kila siku, kwa siku zote arobaini na tano za likizo. Mratibu Mkuu aliteuliwa Dakta Kilemba, msomi mkubwa ambaye udaktari wake ulikuwa wa uimara wa zege. Mimi niliteuliwa karani wa kampeni katika kata ya Kitope, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na tangu niajiriwe sikuwahi kuuliza swali.

*

Kitope ni mtaa ulio nyuma ya kiwanda cha chokaa kilichofungwa zamani. Bomba la maji liko moja, chini bondeni, na nyumba zote ziko juu. Ninaishi huko. Mlango unaofuata wangu ulikuwa wa Bi Mwanamvua, mjane aliyekaanga vitumbua barazani, na binti yake wa pekee aliitwa Kidawa.

Kidawa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na sketi yake ya shule ilishikwa kiunoni kwa pini mbili. Kila siku alishuka bondeni mara tatu na kupanda na ndoo kichwani. Akitumwa chumvi, mwenye duka alikuwa akilalamika kwamba mtoto huyu anaagiza huku ameshageuka kuondoka. Alikimbia kwa sababu hakujua namna nyingine ya kufika mahali.

Aliyeziona mbio hizo na kuzifikiria alikuwa Mwalimu Ngwali. Alikuwa amefundisha michezo shuleni miaka thelathini na mmoja, akastaafu na nyonga mbovu na kipyenga alichokifunga kwa kamba ya kiatu. Kila likizo, bila kutumwa na mtu, alikusanya watoto wa Kitope asubuhi kwenye uwanja wa chokaa, ule uwazi ulioachwa na kiwanda, akawakimbiza, akawarukisha kamba, akawachezesha rede na kombolela mpaka jua likawa kali. Walikuwa wanafika themanini. Walirudi kwao weupe hadi magotini, na akina mama walijua mtoto alikuwa wapi bila kumuuliza.

Mwaka ule Mwalimu alikuwa na jambo maalumu. Kulikuwa na Shule ya Vipaji, ya bweni, iliyochukua wasichana wanne kila mwaka kwa majaribio ya mbio, yakifanyika wiki ya mwisho ya likizo. Mwisho wa umri ulikuwa miaka kumi na mmoja. Aliyechukuliwa aliingia bwenini mwanzo wa mwaka uliofuata, akasomeshwa na kulishwa hadi kumaliza. Mwalimu alimbembeleza Bi Mwanamvua mwezi mzima. Bi Mwanamvua alisema mtoto wake hataondoka, halafu akasema ataona, halafu siku moja akanunua raba za mtumba na kuziweka kwenye mkeka bila kusema neno. Kidawa alilala nazo.

Naeleza hivi ili ieleweke kwamba kampeni ilipofika Kitope iliwakuta watoto wakikimbia. Hilo, kitaalamu, lilikuwa tatizo kubwa.

*

Kamati ya wataalamu ilikwenda kukaa kwenye hoteli yenye utulivu ili kuandaa mwongozo. Ilikaa wiki tatu, nazo zilikuwa wiki tatu za likizo yenyewe. Nilipelekwa kuandika mihtasari, na naweza kushuhudia kwamba kazi ilifanyika. Siku mbili nzima zilitumika kueleza maana ya kukimbia. Mwishowe ilikubaliwa kwamba kukimbia ni mwendo ambao ndani yake kuna wakati miguu yote miwili haigusi ardhi. Hapo mjumbe kutoka Idara ya Uhamiaji akanyoosha mkono, akataka kujua, mtoto ambaye hagusi ardhi ya nchi yetu kwa wakati huo yuko wapi kisheria. Suala hilo lilikabidhiwa kamati ndogo, ambayo naamini bado inakutana.

Wajumbe walikuwa watu wazito. Kutoka chumba cha mkutano hadi chumba cha chakula kulikuwa na hatua kama sitini, na ilionekana si busara kuwachosha, kwa hiyo mikutano ikahamishiwa kwenye chumba cha chakula.

Kwa kuwa mwongozo ulikuwa haujakamilika, ilitolewa amri ya muda: hadi hapo utakapotangazwa, ni marufuku mtoto kukimbia bila kadi, bila kocha mwenye cheti cha kampeni, au mahali pasipoandikishwa. Kadi zilikuwa bado hazijachapishwa. Vyeti vilingoja sahihi ya waziri, na waziri alikuwa hotelini.

Dakta Kilemba aliileta amri hiyo Kitope yeye mwenyewe, kwa msafara wa magari sita. Aliwakuta watoto themanini wakiruka kamba katikati ya uwanja. Alishuka, akafuta vumbi la chokaa kwenye kiatu, akamuuliza Mwalimu Ngwali kama ana cheti. Mwalimu alimjibu kwamba ana miaka thelathini na mmoja ya ualimu. Dakta alimweleza kwa upole kwamba kampeni ina wiki tatu tu tangu ianze, hivyo uzoefu wowote wa kabla ya hapo haukuwa unahusu.

Bi Mwanamvua, aliyekuwa amekuja na beseni lake la vitumbua, aliuliza kama basi yale maji ambayo watoto wanapandisha kutoka bondeni yanaweza kuhesabiwa, maana jasho linawatoka kweli.

"Mama," Dakta akamwambia, "kubeba maji ni kazi. Sisi tunazungumzia mazoezi. Mtoto akifanya kazi anachoka, akifanya mazoezi anaburudika. Tusichanganye mambo ya kitaalamu."

Kisha akautazama uwanja kwa jicho la mtu wa zege, akasema hajaona mahali panapofaa zaidi kwa Kituo cha Taifa cha Michezo ya Watoto. Kwa siku mbili ulizungushiwa mabati kona zote nne. Katika maisha yangu yote Kitope, hiyo ndiyo kazi pekee ya serikali niliyoiona ikimalizika kabla ya wakati. Wakati tunangoja ujenzi, magari ya kampeni yaliegeshwa mle ndani, kwa sababu yalihitaji mahali salama.

Watoto walikaa vibarazani. Siku za kwanza walikwenda kuchungulia kwenye matundu ya misumari, wakaona matairi. Halafu wakaacha kwenda.

*

Wiki iliyofuata nilitumwa nyumba kwa nyumba na mizani kupima watoto. Taarifa ya makao makuu ilisema watoto wa Kitope wanashinda vibarazani bila kujishughulisha, jambo ambalo lilithibitisha kila kitu.

Fomu niliyopewa ilikuwa na nafasi tatu za kutia alama: mnene, mnene sana, na mnene wa kutisha. Nilipompandisha Kidawa, mshale ulisimama kwenye kilo ishirini na sita. Niliigeuza fomu kutazama nyuma kama kuna nafasi nyingine. Hapakuwa na kitu. Nikatia alama kwenye mnene, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Chini ya alama hiyo kulikuwa na ushauri ambao nilitakiwa kuusoma kwa sauti, kwamba mtoto apunguziwe chakula cha mchana.

Bi Mwanamvua alikuwa akigeuza vitumbua. Hakuinua uso.

"Hali chakula cha mchana, jirani," akasema. "Anakunywa chai asubuhi, anakula ugali jioni. Nipunguze nini hapo?"

Nilitafuta jibu kwenye fomu. Kulikuwa na mstari wa maoni ya mzazi, nikaandika kwamba mzazi ameonyesha ushirikiano mkubwa na tayari anatekeleza. Kwa fomu ile nilipata barua ya pongezi.

Mwalimu Ngwali, hata hivyo, alikuwa ameisikiliza vizuri ile hotuba kuhusu maji. Ikiwa kupandisha maji ni kazi na si mazoezi, basi amri haikuhusu njia ya bombani. Kuanzia siku hiyo alikuwa akishuka bondeni asubuhi na ndoo yake tupu, akasimama kwenye foleni na saa mkononi kama mtu anayechelewa. Kidawa aliruka mawe kwenda juu na ndoo tupu, akafika kwenye ukuta wa msikiti, akageuka. Akirudi, Mwalimu alimnong'oneza sekunde alizotumia na kumwambia viwiko vyake vinapepea, avibane. Akina mama kwenye foleni walimpisha njia. Mimi pia nilikuwa na ndoo yangu kwenye foleni ile. Nililiona jambo lile kila siku kwa wiki mbili na sikuliandika popote, na mpaka sasa sijui kama huo ulikuwa ujasiri au uvivu.

Siku moja alimwambia mbele yangu kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kufundisha miguu kama ile, na kwamba yale majaribio atayapita hata akiamka na homa. Kidawa alichukua ndoo yake yenye maji akapanda nayo akikimbia, na hakumwaga hata tone.

*

Uzinduzi rasmi wa kampeni ulifanyika siku ya thelathini na nane kati ya zile arobaini na tano. Uwanja wa chokaa ulichaguliwa, magari yakatolewa, na zulia jekundu likatandikwa juu ya vumbi jeupe. Watoto mia sita waliletwa. Fulana zilizoshonwa kwa ajili ya watoto wanene ziliwafika kwenye miguu, na kwa mbali walifanana na mahujaji wadogo.

Walipangwa mistari saa moja asubuhi. Waliambiwa wasikimbie wala kurukaruka, kwa kuwa kukimbia kulikuwa bado hakujazinduliwa. Rais alitarajiwa saa tatu. Saa sita hakuwa amefika. Maji ya watoto yalikuwepo, katoni mia mbili, lakini yalikuwa kwenye gari la mwisho la msafara wa Rais. Watoto kumi na wanne walianguka. Niliandika kwamba walipumzika.

Msafara uliingia saa nane. Hotuba haikuwa ndefu kwa viwango vyetu, saa moja na robo. Nakumbuka sehemu moja ambayo ilishangiliwa sana jukwaani.

"Leo," Rais alisema, "tumewapa watoto wa nchi hii uhuru wa kukimbia. Sasa wakimbie kwa utaratibu."

Zilifuata mbio za mita mia za ufunguzi. Walioteuliwa walikuwa watoto wanane, saba kutoka Kitope na Jemadari mwenyewe. Kidawa alikuwa mmojawapo, kwa sababu aliyechagua alitazama majina na si miguu. Dakta Kilemba alikuwa amewaelekeza asubuhi kwamba hakuna mtu atakayempita mjukuu wa Rais. Aliwaambia wasimkaribie kiasi cha kumtia wasiwasi, wala wasibaki nyuma kiasi cha kuonekana wanafanya mzaha.

Bastola ya maji ikapigwa, kwa kuwa ya kweli ilikatazwa na walinzi. Jemadari alianza kutembea. Wale saba wakatembea nyuma yake. Alipofika mita kama thelathini, jua likiwa bado kali na fulana imemganda mgongoni, alisimama, akatafakari, akakaa chini. Watoto saba wakakaa chini. Bendi ilipiga wimbo mmoja, ikapiga wa pili, ikarudia wa kwanza. Jukwaani hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Nilikuwa nimesimama karibu yao na daftari langu la matokeo, ndiyo maana nilisikia yaliyosemwa. Jemadari alimgeukia Kidawa, aliyekuwa amekaa karibu naye zaidi, akamuuliza huku huwa wanacheza nini. Kidawa alimwambia rede. Jemadari hakuijua. Kidawa akamweleza kama angemweleza mtoto yeyote, kwamba wawili wanarusha mpira huku na huku, wa katikati anaukwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, akipigwa ametoka, chupa ikijaa ameshinda. Jemadari akauliza kama kuna mpira. Msichana mwingine aliingiza mkono chini ya fulana yake ndefu, akatoa mpira wa soksi.

Walianza taratibu. Jemadari aliwekwa katikati na chupa ya maji iliyotupwa na mgeni. Alipigwa mara moja begani, akatoka, akaomba arudi. Mara ya pili alijua kuinama. Mara ya tatu aliruka, na nathibitisha kwa daftari langu kwamba miguu yote miwili haikugusa ardhi. Alianguka, akainuka mweupe kuanzia nywele hadi viatu, akicheka kwa sauti ambayo nadhani hata yeye alikuwa haijui. Mistari ya watoto mia sita ilianza kuvunjika yenyewe. Kwa muda kama wa dakika kumi, ndani ya mabati yale, watoto wa nchi yetu walitoka jasho.

Kisha ilikuwa zamu ya Kidawa kurusha. Alirusha kama alivyofundishwa, kwa mkono ulionyooka, na mpira wa soksi ukampata Jemadari sikioni. Jemadari alishika sikio akicheka, akasema amekufa, arushiwe tena. Lakini hapo walinzi wanne walikuwa tayari juu yake wakimfunika kwa miili yao, na wa tano alikuwa amemwinua Kidawa kwa mkono mmoja kama mtu anayeinua kuku.

Ndipo mlango wa mabati ulipogongwa, na Mwalimu Ngwali akaingia. Alikuwa hajaalikwa, alikuwa akitazama kupitia tundu la msumari tangu asubuhi. Alitembea na nyonga yake ile kutoka mlangoni hadi kwenye zulia jekundu, na ilimchukua muda.

"Mwacheni huyo," akamwambia yule mlinzi. "Kurusha nimemfundisha mimi. Wote hawa nimewafundisha mimi."

Walimwacha Kidawa, wakamchukua yeye. Jemadari alibebwa hadi kwenye gari akipiga mateke na kulia, akisema mchezo haujaisha. Dakta Kilemba aliniagiza niandike kwamba mjukuu wa Rais aliongoza mbio kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kwa kweli hakukuwa na uongo humo.

*

Siku nne baadaye redio ilikatisha tena muziki. Jemadari alikuwa amepimwa upya na kukutwa amepungua nusu kilo. Kampeni ilitangazwa kufanikiwa kwa kiwango kisichotarajiwa, na kwa kuwa aliyeumwa amepata nafuu, ikafungwa. Magari yalirudi uwanjani. Dakta Kilemba alipandishwa cheo. Jemadari alipelekwa kusoma ng'ambo, kwenye shule ambayo watoto wake, nasikia, hawarushi vitu.

Mwalimu Ngwali alishtakiwa kwa kuendesha mafunzo ya kurusha bila kibali. Alipoulizwa kama ana la kusema, alimwomba hakimu amruhusu kutumikia adhabu baada ya wiki moja, kwa kuwa kuna mtoto anapaswa kumpeleka mahali. Hakimu alimpa miezi kumi na minane kuanzia pale aliposimama.

Barua ya Shule ya Vipaji ilipita mezani kwangu. Ilisema kwamba kwa sababu za kiusalama, watoto wa Kitope hawatashiriki majaribio ya mwaka huu, na kuagiza karani wa kata aandae orodha ya majina ya kuzuiwa getini. Kulikuwa na jina moja tu la kuandika. Nilikaa nalo asubuhi nzima. Nilisema moyoni kwamba nisipoliandika mimi, ataliandika mwingine, tena kwa mwandiko mbaya. Nikaliandika.

Sikumwambia Bi Mwanamvua. Aliamka siku ya majaribio, akafunga beseni, akamvalisha mtoto zile raba, wakaondoka kwa miguu kabla jua halijatoka. Walirudi adhuhuri. Kidawa aliingia ndani moja kwa moja. Bi Mwanamvua alibaki barazani, akaniambia kwamba mlinzi wa getini alikuwa na karatasi, alipitisha kidole akalikuta jina la mwanawe, na kwamba jina lilikuwa limeandikwa vizuri sana. Alinitazama kidogo. Halafu akaingia kuwasha moto.

*

Mwezi wa tatu wa kifungo Bi Mwanamvua alipata kibali cha kumwona Mwalimu. Aliniomba niwasindikize, kwa kuwa askari magereza huwasikiliza zaidi watu wenye vitambulisho vya serikali. Kama alikuwa na sababu nyingine ya kutaka niwepo, hakuitaja.

Walimleta nyuma ya wavu. Alikuwa amekonda, na ile nyonga ilikuwa imemzidi, maana askari alimshika kwapani mpaka akakaa. Bi Mwanamvua alimwamkia na kumweleza kwamba ameacha vitumbua kwa askari. Mwalimu alimshukuru, lakini macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Majaribio," akasema. "Ulikwenda?"

"Nilikwenda, Mwalimu," Kidawa akasema.

"Ukakimbia?"

"Nikakimbia."

"Viwiko?"

"Nilivibana."

Mwalimu alishika wavu kwa vidole. Aliuliza walisemaje. Kidawa alimtazama usoni bila kupepesa, mtoto ambaye tangu siku ile hakuwa amekimbia hata kwenda dukani, akamwambia wamemchukua.

Mwalimu Ngwali alimgeukia mama. Bi Mwanamvua alikuwa akivuta ukingo wa khanga yake, na ilimchukua muda kuinua kichwa.

"Wamemchukua, Mwalimu," akasema. "Walikuwa wanne, na yeye akiwa wa kwanza."

Kisha mzee yule akanigeukia mimi. Alijua kazi yangu. Alijua kwamba mambo yote ya Kitope hupita mezani kwangu, na kwamba mimi si mtu wa kusema maneno yasiyo na karatasi.

"Karani," akaniuliza, "ni kweli?"

Kidawa hakunitazama, na mama yake pia hakunitazama. Askari alikuwa akichezea funguo zake mlangoni.

"Ni kweli," nikasema. "Jina lake nililiandika mwenyewe."

Mwalimu alifumba macho. Aliegemeza paji la uso kwenye wavu, akakaa hivyo mpaka askari akaja kusema muda umekwisha. Alipoinuliwa alikumbuka jambo, akamwambia Kidawa asianze kwa nguvu nyingi, mita ishirini za kwanza ajizuie, huko bwenini watakuwepo wasichana wakubwa watakaotaka kumtisha. Kidawa alisema sawa, Mwalimu, atajizuia.

Tulitoka. Kuna barabara ndefu iliyonyooka kutoka gereza hadi kituo cha basi, tambarare, haina magari. Kidawa alitembea katikati yetu, ameshika mkono wa mama yake, polepole, mpaka mwisho.